Unga wa Amla wa Tantine Mado

Wiki iliyopita nilikata mdomo wa pakiti mpya ya unga wa amla, lile tunda la Kihindi la kutunzia nywele, ndani ya saluni yangu hapa Nchelenge, Zambia, na mteja aliyekuwa kwenye kiti akakunja pua. "Kunanuka nini?" akauliza. Nikacheka. Ni vigumu kumweleza mtu harufu ile. Ina ukali wa tunda bichi, ina vumbi la majani makavu, na chini yake kabisa ina kitu kama chuma kilicholowa. Ukiutia unga huo maji ya vuguvugu, harufu inaamka na kujaza chumba chote. Wapo wanaosema inanuka dawa za mizizi, wapo wanaosema inanuka udongo. Kwangu mimi inanuka kijiji cha Kabuta, mwaka niliokuwa na miaka kumi, kichwa changu kimeinamishwa juu ya beseni la bluu na mkono wa Tantine Mado umenishika shingo nisikimbie.

Nitakusimulia habari za mwaka ule. Kuna jambo nililolifanya ambalo wateja wangu wengi hawalijui, na naona ni haki mtu anayeshika vichwa vya watu aseme makosa yake kabla hayajasemwa na wengine.

Tantine Mado ni mdogo wake mama yangu. Mama alifariki kule Pweto, upande wa Kongo, nikiwa mdogo mno, hata sauti yake siikumbuki, nikalelewa na bibi. Fujo zilipozidi upande wetu, bibi alikataa kuondoka. Alisema magoti yake hayajui kukimbia. Akanikabidhi kwa majirani waliokuwa wakivuka Ziwa Mweru kwa boti, na yeye akabaki na kuku wake. (Alitufuata miaka miwili baadaye, kwa magoti yale yale, na kuku mmoja kwenye kikapu.) Wengi niliovuka nao walipelekwa Kenani, kwenye mahema ya wakimbizi. Mimi nilikuwa na mtu wangu upande huu. Tantine aliolewa na mvuvi wa Kizambia, Ba Mwansa, miaka mingi kabla ya hapo, na siku tuliyofika alipita katikati ya watu na mizigo akiita jina langu kwa sauti kubwa kama mtu anayetangaza samaki.

"Feza! Feza wa Pweto! Feza!"

Sikuitika upesi. Nilikuwa na aibu ya kichwa changu.

Nilikuwa nimevaa kofia ya sufu, na joto lote lile la ziwa halikutosha kunifanya niivue. Chini yake kulikuwa na mapunye matatu, moja kubwa kama kifuniko cha chupa, na nywele zilizobaki zilikuwa nyekundu, kavu, zikikatika kila zikiguswa. Tulipofika nyumbani Tantine alinikalisha kwenye kigoda na kuniambia, "Toa kofia."

Nikatikisa kichwa.

"Feza, mi niko musukaji. Nimeona bichwa ya kila namna. Toa."

Nikatoa, nikamtazama usoni nione atakavyoshtuka. Hakushtuka. Alikiangalia kichwa changu kama fundi anavyoangalia baiskeli iliyoletwa na mteja: hapa pana kazi, hapa hapana shida, hapa tutaona. Kisha akasema, "Bon. Kesho kliniki."

Mimi nilikuwa nimeshaona makopo yake rafuni na nilitarajia miujiza. Nikamwuliza kwa nini asinipake tu ile dawa yake. "Unga yangu haiponeshe mapunye," akasema. "Ile ni kazi ya munganga. Mutu akikuambia ako na unga moja ya kuponesha kila kitu, kamata biatu byako, ukimbie." Basi kliniki wakanipa vidonge na mafuta, na nikavitumia mpaka ngozi ya kichwa ikawa safi. Hapo ndipo Tantine alipofungua kopo.

Alikuwa na utaratibu ambao hata leo siuvunji. Vijiko viwili vya unga ndani ya bakuli la plastiki. Maji ya vuguvugu, kidogo kidogo, huku akikoroga kwa kijiti mpaka uwe mzito kama uji wa mgonjwa. Kisha bakuli lilifunikwa, na sote tulingoja unga uvimbe. Alinigawa nywele mistari kwa ncha ya kitana na kuupaka kwenye ngozi ya kichwa kwa vidole viwili, taratibu, mstari baada ya mstari. Ulikuwa baridi na ulikuna kidogo, kama ulimi wa paka. Alinifunga kitambaa na kunikataza kujikuna kwa muda wa kuivisha sufuria ya muhogo. Baadaye ndipo yakaja maji mengi ya kusuuza, maana unga wa amla ni kama mchanga wa ziwani, ukidhani umetoka wote bado umebaki nyuma ya masikio. Mwisho alinipaka mafuta ya mbarika, matone machache tu.

Nywele hazikuota kwa wiki moja. Naisema hii kwa sababu ni muhimu katika habari yenyewe. Zilichukua miezi. Zilikuja polepole, laini, nyeusi, na hazikukatika tena. Kazi kubwa, naamini sasa, ilifanywa na dawa za kliniki na samaki wa Ba Mwansa niliokula kila siku. Lakini amla ilizitunza, na mikono ile ilinitunza mimi.

Ujuzi huo Tantine aliupata Lubumbashi, akiwa msichana bado, alipokuwa yaya katika nyumba ya familia ya Kihindi. Mama wa nyumba ile aliosha nywele zake kwa amla kila Jumamosi, na zilimfika kiunoni. Tantine alitazama, akauliza, akafundishwa. Huku Zambia pakiti zake aliletewa na mfanyabiashara mmoja wa pale boma aliyekuwa akienda Lusaka. Juu ya pakiti palikuwa na picha ya matunda ya kijani, ya mviringo, yenye mistari. Sikuwahi kuyaona kwa macho. Mimi niliamini kabisa ni masuku mabichi, yale matunda ya porini tuliyookota wakati wa mvua, na mara moja nilikausha masuku matano juu ya bati ili nimtajirishe Tantine. Yalioza, wakaja siafu.

Kibanda chake kilikuwa kando ya njia itokayo mahali boti zinapofikia, ile njia ambayo baiskeli hupita zimebeba matenga ya samaki kwenda bara. Wanawake waliingia wananuka samaki na kutoka wananuka amla, na Ba Mwansa alisema hajui ipi afadhali. Wasichana walikuja kusukwa. Wenye chunusi walichanganyiwa amla kidogo na asali, wakapakwa usoni kwa dakika chache tu. Wenye mvi walikuja kwa siri, na dawa yao ililala ndani ya kikaango cha chuma mpaka ikageuka nyeusi kama wino. Kulikuwa na mama mmoja mkubwa wa kanisani ambaye mvi zake zilikoma ghafla tangu Tantine ahamie Kabuta. Kila mtu alijua, na kila mtu alimsifu kwa damu nzuri ya ukoo wao.

Kwa mteja yeyote mpya, hata awe na haraka namna gani, Tantine alipaka kwanza tone ndani ya kikunjo cha mkono na kumwambia arudi kesho. "Kiwiko kwanza," alisema. Wengine walikasirika. Yeye alijibu, "Kichwa hakina duka ya kubadirishia, mama."

Jambo jingine. Kabla sijafika, watu wa Kabuta walimwita Muka Mwansa, yaani mke wa Mwansa, kwa sababu hakuwa na mtoto. Baada ya kufika mimi, wiki haikupita, wakaanza kumwita Bana Feza, mama yake Feza. Niliona ni jina tu. Nilikuwa na wasiwasi mwingine.

Wasiwasi wangu ulikuwa shule. Kibemba changu kilikuwa kibovu, nilichanganya maneno, na darasa zima lilicheka kila nilipofungua mdomo. Waliniita Mukongo. Wakati wa mapumziko nilikaa peke yangu nikichora ardhini. Msichana niliyetamani kuliko wote awe rafiki yangu aliitwa Chileshe. Alikuwa mrefu, mwenye miguu kama ya korongo, na sauti iliyofanya hata walimu wasimame dirishani. Mama yake, Bana Chileshe, aliuza samaki wakavu na kuongoza wanawake wa kwaya, na neno lake pale Kabuta lilienda mbio kuliko baiskeli.

Siku moja Chileshe alinijia mwenyewe. Nakumbuka alivyonyoosha kidole na kugusa nywele zangu, ambazo sasa zilitosha kusukwa. "Ulikuwa na kipara," akasema kwa Kibemba. "Mama yako alikupaka nini?" Nikamwambia. Akafikiri kidogo. Halafu akauliza, kwa sauti ya chini, "Ule unga, unafanya mtu awe mweupe?"

Kwaya yao ilikuwa iimbe Jumapili mbele ya wageni, na mwalimu wa kwaya alikuwa amempanga Chileshe mstari wa nyuma. Wasichana wawili wa mbele walikuwa weupe weupe. Chileshe alikuwa mweusi wa kung'aa, kama jiwe lililotoka majini, na alikuwa ameshajua, bila kuambiwa na mtu, kwamba hiyo ndiyo sababu.

Nilijua jibu. Nilikuwa nimelisikia mara kumi kibandani, maana wateja waliuliza swali lile lile, na Tantine alijibu lile lile: "Inasafisha. Haifute." Lakini macho ya Chileshe yalikuwa yamenitazama mimi, mimi Mukongo, kama mtu mwenye ufunguo wa nyumba. Nikasema, "Ndiyo. Inafanya."

Ijumaa yake, Tantine alipokwenda kuchota maji, niliiba vijiko vitatu vya unga na kuvifunga kwenye karatasi ya daftari. Mchana nikaenda kwa kina Chileshe. Mama yake alikuwa kwenye samaki. Tulikaa nyuma ya jiko, tukakoroga unga ndani ya kikombe. Nikautazama, nikauona ni dhaifu. Ulikuwa umefanya kazi ya miezi kichwani mwangu, na sisi tulikuwa na siku mbili tu. Nikakamulia ndimu, kwa sababu ndimu hung'arisha masufuria. Kisha, na hapa bado naona aibu, nikaona pakiti ya sabuni ya unga juu ya jiwe la kufulia, nikawaza kwamba kinachotoa weusi wa kola ya shati hakiwezi kushindwa na uso. Nikatia kiganja kizima.

Kiwiko? Sikukikumbuka hata kidogo.

Nilimpaka uso mzima, nikamkalisha juani, kwa sababu nilimwambia jua huchochea. Baada ya muda mfupi akasema, "Feza, inachoma."

"Ndiyo inafanya kazi," nikamwambia.

Akafumba macho, akashika magoti yake, akavumilia. Machozi yalimtoka na kuchora mistari kwenye ule unga. Alivumilia kwa sababu aliniamini. Nimekaa na picha hiyo miaka yote: mtoto mzuri ameketi juani na kungoja, na mimi namhesabia kwa sauti ya fundi. Tulipoosha, ngozi ilikuwa nyekundu. Nikamwambia kesho itakuwa nyeupe, nikaenda nyumbani mbio.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi, siku ya wateja wengi. Mama mmoja alikuwa kwenye kiti, watatu wamekaa kwenye benchi, na mimi nilikuwa nafagia nywele. Nikamsikia Bana Chileshe kabla sijamwona.

"Bana Feza! Toka nje uone!"

Alimshika Chileshe mkono. Uso wa Chileshe ulikuwa umevimba, macho yamekuwa vipande viwili vyembamba, na mashavuni ngozi ilikuwa imechubuka, inatoa majimaji. Kwa mkono mwingine Bana Chileshe alishika kile kikombe chetu. Alikuwa akiuza samaki kwa Wakongo miaka mingi, na Kiswahili chake cha biashara kilimtoka chote kwa hasira. "Unga yako imechoma mutoto yangu! Ona! Banasema ni dawa, kumbe ni sumu!"

Wanawake wa benchi wakasimama. Mmoja akaanza kujipapasa kichwa.

Tantine alimwendea Chileshe kwanza. Akapiga goti, akamtazama bila kumgusa. Kisha akachukua kikombe na kukisogeza puani. Nikaona tundu za pua yake zikitanuka. Akanusa mara ya pili. Halafu akainua macho, akanitazama mimi na ufagio wangu.

Sitausahau mtazamo ule. Alijua. Nilijua kwamba amejua. Neno moja tu lingetosha, na kila mtu pale angenigeukia, na mimi nilikuwa tayari nimeshaliona likitoka.

"Unga ni yangu," akasema Tantine, akimwangalia Bana Chileshe. "Kopo ni yangu. Kosa iko yangu. Lete maji safi, mengi. Tuoshe mutoto, kisha tuende kliniki. Maneno ingine utanisema njiani."

Akamwosha Chileshe uso kwa maji matupu, mtungi wa kwanza na wa pili, akimwambia kwa Kibemba, pole mwanangu, pole mwanangu. Akamwachilia mteja wa kwenye kiti akiwa nusu amesukwa, akafunga kibanda, akampakia Chileshe kwenye baiskeli ya Ba Mwansa na kuisukuma, Bana Chileshe akifuata kando na kuendelea kumfokea. Hakuniambia kitu. Hata "baki nyumbani" hakuniambia.

Wale wanawake waliondoka wakinong'ona. Nilisikia "Bakongo." Nilisikia "tulisema."

Basi nikafanya hesabu ya mtoto. Nimemharibia Tantine kazi. Atarudi amekasirika, atanipeleka Kenani nikakae kwenye mahema na wasio na watu, au atanirudisha ng'ambo. Afadhali nijirudishe. Nikatia nguo zangu mbili kwenye mfuko, nikavaa ile kofia ya sufu, ingawa nywele zangu zilikuwa zimesukwa vizuri, nikateremka ziwani.

Boti ya kwenda Pweto ilikuwepo, inapakiwa. Mama mmoja mnene, mfanyabiashara, alikuwa akipanga magunia ya unga wa muhogo na kuwagombeza wapagazi. Nikamwomba anichukue.

"Unaenda kwa nani?"

"Kwa bibi."

"Na hapa uko mutoto ya nani?"

"Wa Bana Feza."

"Ule wa kusuka? Ule alinitengeneza hii kichwa?" Akainamisha kichwa anionyeshe misuko yake. "Na Feza ni nani?"

"Ni mimi."

Aliliacha gunia alilolishika. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa juu ya gunia na vumbi la muhogo likamrukia. "Mutoto, weye ni Feza? Alors ukienda na hii boti, ule mama tutamwita nani? Bana Nani? Batu bamezoea." Akajifuta macho. Halafu akaniangalia vizuri, na cheko likaisha. "Umefanya nini?"

Nikamwambia. Sijui kwa nini nilimwambia yeye, mtu nisiyemjua. Nilimwambia yote, mpaka sabuni. Hakunipa pole. Alisema tu, "Rudia ile maneno vile vile, lakini si kwangu. Bibi yako hana dawa ya hiyo." Akageukia magunia yake.

Nikapanda kilima na mfuko wangu. Nilitembea polepole sana, nakiri. Nilisimama kuangalia mbuzi. Nilifunga kamba za viatu ambavyo havikuwa na kamba. Alasiri ndipo nilipofika kwa kina Chileshe.

Walikuwa uani, wote watatu. Chileshe alilala kwenye mkeka kivulini, uso umepakwa mafuta meupe ya kliniki. Bana Chileshe alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono imekunjwa. Tantine alikuwa ameketi chini, miguu imenyooshwa, kama mtu aliyefiwa. Nikapiga magoti na kupiga makofi taratibu, kama nilivyoona watoto wa huku wakifanya mbele ya wakubwa, na nikasema kwa Kibemba changu kibovu.

"Siyo unga. Ni mimi. Nilitia ndimu. Nilitia sabuni ya kufulia. Chileshe alisema inachoma, na mimi nikamwambia angoje."

Hakuna aliyecheka Kibemba changu siku ile.

Bana Chileshe alimgeukia Tantine. "Ulijua?"

"Nilijua asubuhi. Nilisikia harufu ya sabuni."

"Na ulinyamaza? Nimekutukana njia yote, kwenda na kurudi! Nimekutukania na mama yako!"

"Nilikusikia," akasema Tantine. "Unajua matusi mingi, kwa mutu wa kwaya."

Kutoka kwenye mkeka ikatoka sauti ndogo, kama kikohozi. Chileshe alikuwa anacheka, na kucheka kulimwumiza uso, akawa anasema "aah, aah" huku anacheka. Mama yake aligeuza uso pembeni. Hakunisamehe pale pale, asidhani mtu. Alinyanyuka, akaniletea ndoo. "Mwezi mzima," akasema. "Chileshe hatasimama juani. Maji yake utachota weye."

Nikachota. Kila siku baada ya shule, ndoo kichwani, juu ya zile nywele nilizojivunia. Chileshe hakuimba Jumapili ile. Ngozi yake ilibanduka, ikabaki na mabaka, na kwa miezi kadhaa nilikuwa nayachungulia mabaka yale kila asubuhi kama mkulima anayechungulia shamba. Yalififia yote. Weusi wake ulirudi ule ule wa kung'aa, na safari hii aliusubiri kwa hamu. Na ule mstari wa nyuma? Alikuja kumwuliza mwalimu mwenyewe. Mwalimu alishangaa. Alisema alimpanga nyuma kwa sababu ni mrefu, angewaziba wenzake.

Lakini kibanda kilibaki kitupu. Habari ya uso wa Chileshe ilizunguka Kabuta kwa saa moja. Habari ya sabuni yangu ilitembea kwa miguu. Wiki ya kwanza hakuja mtu. Wiki ya pili alikuja yule mama mwenye mvi, kwa mlango wa nyuma wa nyumba, maana yeye hakuwa na njia nyingine. Tantine alifungua kibanda kila asubuhi, akafagia, akapanga vitana, akakaa. Hakuzunguka kujitetea. Mimi nilitaka nisimame njiani nipige kelele kwamba ni mimi. Aliniambia, "Umesema kwa mwenye kuumizwa. Inatosha."

Wiki ya tatu, Jumamosi, saa ambayo njia imejaa baiskeli na watu, Bana Chileshe alikuja na kitambaa kipya begani. Alikaa kwenye kile kiti cha mbele, kinachoonekana na wapita njia wote, akafungua kichwa chake. "Nioshe na ile unga," akasema kwa sauti ya kwaya, ile ya kufika mpaka milango ya nyuma. Kisha akakunja mkono wa blauzi. "Lakini kiwiko kwanza. Nitakuja tena kesho."

Akaja tena kesho. Mwisho wa mwezi benchi lilijaa.

Ndipo Tantine akanipa kazi ya viwiko. Kila mteja mpya, mimi ndiye nilichanganya tone, nikampaka ndani ya kikunjo cha mkono, nikamwuliza kama inawasha, na siku ya pili nikatazama ngozi yake na kusema ndiyo au hapana. Nikisema hapana, Tantine hakumgusa mtu huyo, hata awe nani. Nilidhani ni adhabu. Niliifanya kwa miaka nikidhani ni adhabu, na nikawa fundi bila kujua.

Mengine nilichelewa kuyaelewa zaidi. Siku niliyofungua saluni hii, Tantine alikuja kutoka Kabuta akakaa kwenye kiti changu awe mteja wa kwanza. Nilipokuwa nikigawa nywele zake, ambazo sasa nazo zina siri yao ya kikaango cha chuma, nilimwuliza swali nililolibeba muda wote ule.

"Tantine, asubuhi ile ungeweza kusema ni mimi. Juu ya nini hukusema?"

"Ulikuwa na myezi ngapi hapa? Tano? Sita?" akasema. "Kama ningenyoosha kidole mbele ya bale bamama, kusema 'ni huyu,' ungebakia 'ni huyu' mpaka siku ya kuolewa. Nilikungojea useme mwenyewe. Mutoto akisema mwenyewe, banasamehe. Akisemwa, hapana."

"Na kama nisingesema?"

"Ningengojea tena."

"Na kibanda je? Ungekipoteza."

Alicheka, akanipiga goti kwa mgongo wa mkono. "Kibanda ni matete, Feza. Matete iko mingi mu hii ziwa."

Nikakirudisha kitana kichwani mwake. Niliendelea kugawa mistari.

Kwa muda mrefu nilikuwa nikiisimulia siku ile kama siku niliyokuwa jasiri, siku niliyoacha boti na kurudi kusema ukweli. Ni kweli nilirudi. Lakini yule mtoto aliyekuwa akipanda kilima na mfuko wake, akisimama kuangalia mbuzi, aliamini anakwenda kuomba nafasi ya kubaki. Hakujua kwamba mwanamke mmoja, aliyekaa miaka mingi bila kuitwa mama wa mtu yeyote, alikuwa ameiweka rehani kazi yake yote tangu asubuhi, mbele ya watu, kuishikilia nafasi hiyo, kabla mtoto mwenyewe hajasema hata neno moja la kweli.